Kabla Hawajaitwa Wakristo

Soma vibao katika mtaa wowote wenye makanisa mengi. Hiki kinadai kulirudisha kanisa la mitume, kile kinadai hakikuliacha hata siku moja. Wote wanamtaja babu mmoja, lakini ukiuliza babu huyo alijifunzia wapi kusali, majibu yanaachana.

Ndiyo hoja ya mjadala huu. Watu wale wa Yerusalemu, na baadaye wa Antiokia na Korintho, walipata wapi roho ya ibada yao? Nimewakalisha meza moja watu wanne: padri mpenda liturujia, mchungaji wa Kipentekoste, mhadhiri wa historia ya dini, na katekista, mama wa makamo ya juu aliyewafundisha watoto wa parokia mpaka wengine wao wakawa mapadri. Watu hawa ni wa kubuni. Hoja zao si za kubuni. Nikiona mmoja anateleza, nitaingilia.

MCHUNGAJI: Mimi sitazunguka. Kanisa lilizaliwa siku ya Pentekoste. Hapakuwa na joho, hapakuwa na misale, hapakuwa na mtu wa kuwaambia watu sasa simameni, sasa kaeni. Upepo, moto, ndimi, na watu kama elfu tatu wakabatizwa siku ileile. Ukishuka na mkondo huo, haukatiki. Antiokia, manabii na walimu wanafunga na kusali, Roho anawataka Barnaba na Sauli. Kaisaria, Petro hajamaliza mahubiri nyumbani kwa Kornelio, Roho keshashuka. Korintho, watu wananena kwa lugha mpaka Paulo anawaandikia wapokezane. Utaratibu ulikuja baadaye, moto ukiwa umeshawaka.

PADRI: Umesema vizuri, Mchungaji, ila umeingilia hadithi katikati. Siku ile ilikuwa inaitwa Pentekoste kabla Roho hajashuka. Ni sikukuu ya Wayahudi, ya Majuma, siku ya hamsini baada ya Pasaka, watu wakipeleka malimbuko ya ngano Hekaluni. Wale Waparthi na Wamedi, watu wa Mesopotamia, wa Misri na Libya, Wakrete na Waarabu, walikuwa Yerusalemu kwa shughuli gani? Wengi walikuja kuhiji. Bila kalenda ya Hekalu, Petro angemhubiria nani asubuhi ile?

MCHUNGAJI: Mungu aliitumia kalenda. Kuitumia si kutoka ndani yake.

PADRI: Basi geuza ukurasa. Baada ya Pentekoste, Petro na Yohana wanakwenda wapi? Hekaluni, kwenye sala ya saa tisa, saa ya sadaka ya alasiri. Wamejazwa Roho, na bado wanaiwahi saa ya sala kama Myahudi mwingine yeyote.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Saa ya Petro ilihesabiwa kuanzia mapambazuko kama yetu, kwa hiyo saa tisa yake ni saa tisa yetu, na hahitaji tanbihi ya kumweleza.

PADRI: Na mtazameni Yakobo, ndugu yake Bwana, aliyeliongoza kanisa la Yerusalemu. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi ambaye hakuwa mmoja wetu, anasema kuhani mkuu Anano alimfanya auawe kwa mawe mwaka 62, na kwamba watu wa mji walioishika Torati kwa makini walichukizwa na kitendo hicho. Sheria ile ile aliyoshtakiwa kuivunja ndiyo waliyoijua vizuri hao waliomtetea. Mtu aliyeitupa dini ya baba zake asingepata watetezi wa namna hiyo.

MHADHIRI: Shikamoo, Mama. Shikamooni, wazee wangu. Niwaulize: mbona mnasoma Matendo ya Mitume kana kwamba Luka alikuwa na kinasa sauti? Wanazuoni wengi wanakiweka kitabu hicho kati ya mwaka 80 na 90, nusu karne baada ya mambo yenyewe. Maandishi ya Kikristo ya zamani zaidi tuliyo nayo ni barua za Paulo, na Paulo ana tarehe. Huko Delphi, Ugiriki, lilipatikana andiko la jiwe lenye barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio. Kwa andiko hilo tunajua Galio alikuwa liwali wa Akaya karibu mwaka 51 au 52, na ni mbele yake Paulo alishtakiwa Korintho. Tuanzie hapo. Korintho tunaona nini? Watu wanakutana nyumbani kwa mwenye nafasi, wanakula, wanakunywa, wanaimba, mtu anasimama kunena. Myunani yeyote angekitambua chama cha namna hiyo. Mji ulijaa vyama vya karamu, kila kimoja na mungu wake mlezi.

MCHUNGAJI: Kwa hiyo Meza ya Bwana ni karamu ya Wapagani?

MHADHIRI: Sijafika huko, Mchungaji. Ila wapo waliofika. Mwanzoni mwa karne ya 20, pale Göttingen, Ujerumani, kundi la wanazuoni lilitaka kuueleza Ukristo kwa dini zilizouzunguka: mafumbo ya Eleusis, ibada ya Isis kutoka Misri, Mithras mchinja fahali. Mlo mtakatifu, kuoshwa, mungu anayekufa na kurudi. Wakasema Paulo alichota huko.

PADRI: Na tarehe zikawaangusha. Alama za kwanza za ibada ya Mithras katika dola ya Rumi ni za mwishoni mwa karne ya kwanza. Paulo alikuwa ameshazikwa. Yustino mfiadini, karibu mwaka 155, analalamika kwamba ni watu wa Mithras wanaouiga mkate na kikombe chetu.

MHADHIRI: Kwa Mithras sina ugomvi, Baba, namwacha. Mwaka 1962 mwanazuoni wa Kiyahudi, Samuel Sandmel, aliwakaripia wenzake kwa tabia hiyo ya kuokota kila kinachofanana na kukiita chanzo. Mimi sisemi waliiba. Nasema umbo la kukutana kwao, la jioni, la mezani, la kinywaji na mazungumzo, lilikuwa umbo la mji walioishi.

KATEKISTA: Mwanangu, mlo huo wa Korintho nimeusoma mara nyingi, na kila nikiusoma naona waliochelewa. Paulo anasema mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Aliye na njaa ni nani? Ni mtumwa, ni kibarua, hana mamlaka na jioni yake. Anafika, nyama imekwisha.

MHADHIRI: Na hilo lilikuwa jambo la kawaida, Mama. Pliny, bwana mkubwa wa Kirumi, ana barua inayomsema mwenyeji mmoja aliyewapangia wageni divai ya madaraja kulingana na hadhi zao. Kila mtu mezani alijua daraja lake.

KATEKISTA: Sasa kama ni jambo la kawaida, Paulo anakasirikia nini? Angekuwa amejifunzia ibada kwenye karamu hizo, asingeona kosa. Anawaambia wanalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu. Hasira hiyo haikutoka kwenye karamu. Imetoka kwa nabii Amosi.

Nilitegemea Mhadhiri angejibu, lakini alinyamaza akaandika. Mimi naona Katekista amepiga pale panapouma. Jambo lililopokewa kutoka kwa jirani bila kuulizwa huonekana katika mambo ambayo hakuna anayeyagombania. Umbo la meza lilitoka mjini, sawa. Lakini kipimo cha kuihukumu meza hiyo kilitoka kwa manabii wa Israeli, nao Wakorintho, wengi wao wakiwa si Wayahudi, walitakiwa wakijue.

Kuna mahali ambapo ujirani huu umehifadhiwa kwa ajali ya vita. Dura-Europos, mji wa ngome juu ya mto Frati huko Syria, uliangushwa na Waajemi karibu mwaka 256. Kabla ya hapo askari wa Kirumi walirundika udongo nyuma ya ukuta wa magharibi ili kuuimarisha, wakayafukia majengo yaliyokuwa kando yake. Wachimbaji wa miaka ya 1920 na 1930 walipoutoa udongo, walikuta kando ya ukuta huo sinagogi lililochorwa kuta zote kwa visa vya Biblia, hekalu la Mithras, na nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kanisa: ukuta kati ya vyumba viwili umebomolewa upatikane ukumbi, na chumba kingine kimefanywa mahali pa ubatizo. Ukitaka kushuku kuambukizana, hakuna mahali bora. Lakini angalia kilichochorwa kwenye chumba cha ubatizo: Mchungaji na kondoo wake, Adamu na Hawa, Daudi na Goliathi, Petro juu ya maji, wanawake wakielekea kaburini. Fahali wa Mithras hayupo. Waliobatizwa pale walitiwa ndani ya hadithi iliyokuwa ikisimuliwa pia katika sinagogi la jirani.

PADRI: Na sinagogi ndilo shule. Yerusalemu lilipatikana jiwe la Theodoto, kuhani na mkuu wa sinagogi, wa kabla ya Hekalu kubomolewa mwaka 70. Limeandikwa kwamba nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya kusoma Torati, kufundisha amri, na kuwapa malazi wasafiri kutoka mbali. Kusoma, kufundisha, kupokea wageni. Ongeza mkate na kikombe, una ibada ya Jumapili kama Yustino anavyoieleza.

MHADHIRI: Baba, umesahau kusema jiwe hilo limeandikwa kwa lugha gani.

PADRI: Kiyunani.

MHADHIRI: Kiyunani, ndani ya Yerusalemu. Ndiyo sababu ule mgawanyo wa watu wa Göttingen, Wayahudi huku na Wayunani kule, haunikoseshi usingizi tena. Umekufa wenyewe.

MCHUNGAJI: Mmelizungumza sinagogi na Hekalu, hamjaligusa jangwa. Yohana Mbatizaji hakuwa na jiwe la msingi. Na wale wa Qumran?

Hati za Qumran zilianza kupatikana mwaka 1947, kwenye mapango karibu na Bahari ya Chumvi, na kwa miaka mingi zilikuwa jibu la kila swali. Kufanana kupo: mali ya pamoja, mlo ambao kuhani anabariki mkate na divai mpya, majosho, na jamii inayojiona iko kwenye siku za mwisho. Basi wengine wakaruka mpaka kusema kanisa ni tawi la Qumran. Nilitaka kuipita hoja hii haraka, lakini Katekista hakukubali.

KATEKISTA: Nimesikia kwamba hati zao zinamzuia kiwete na kipofu asiingie kusanyikoni.

MHADHIRI: Ni kweli. Mojawapo ya kanuni zao inawataja viwete, vipofu, viziwi na mabubu, na sababu inayotolewa ni kwamba malaika watakatifu wako katikati ya kusanyiko.

KATEKISTA: Na Bwana alisema ukifanya karamu waite hao hao, kiwete na kipofu. Wanafanana kwa sahani, wanatofautiana kwa wageni.

MCHUNGAJI: Na ubatizo wetu ni mmoja. Wao walijiosha kila mara.

Sasa tufike kwenye fundo. Kusali saa tisa, kusoma manabii, kuumega mkate kwa baraka, yote haya Myahudi yeyote angeyaelewa. Asichoweza kukielewa ni sala yenyewe kuelekezwa kwa mtu aliyetundikwa msalabani na Warumi. Hapo ndipo penye upya, na hapo ndipo mjadala ulipochemka.

MHADHIRI: Wilhelm Bousset, katika kitabu chake cha 1913, alilitatua hivi. Yerusalemu walimngoja Yesu arudi kama Mwana wa Adamu, lakini hawakumwabudu. Kumwita Bwana katika ibada kulianza Antiokia na miji ya namna hiyo, kwa waamini wa Kiyunani waliokuwa wamezoea kuwaita miungu yao mabwana. Na kweli, karibu mwaka 112 Pliny yule yule, sasa akiwa gavana wa Bithinia, anamwarifu Kaisari Trajan kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu.

PADRI: Na wewe unamkubali Bousset?

MHADHIRI: Nilimkubali nikiwa mwanafunzi, mpaka nilipoutazama vizuri mwisho wa barua ya kwanza kwa Wakorintho. Paulo anawaandikia watu wa Kiyunani, kwa Kiyunani, halafu anaacha sala moja ya Kiaramu bila kuitafsiri: Maranatha, yaani Bwana wetu, njoo. Wakorintho hawakusema Kiaramu. Waliipokea kama tunavyopokea Amina na Haleluya, imeshatakata kwa kusaliwa na waliotangulia. Na waliotangulia kwa Kiaramu ni watu wa Palestina. Wa kwanza kumwita Yesu Bwana katika sala walikuwa Wayahudi, nao waliianza mapema. Paulo anasema miaka mitatu baada ya kuitwa kwake alikwenda Yerusalemu, akakaa na Kefa siku kumi na tano, akamwona na Yakobo. Hiyo ni miaka ya 30. Hakuna nafasi ya vizazi vitatu vya kuchota kwa Isis.

MCHUNGAJI: Sasa niambie wewe, Mwalimu. Watu waliofundishwa tangu utoto kwamba Bwana Mungu wao ni mmoja, wanaosema hivyo asubuhi na jioni, wamewezaje kumwita mtu katika sala ndani ya miaka michache? Hekalu halikuwafundisha. Sinagogi halikuwafundisha. Jangwa halikuwafundisha. Kuna kitu kiliwapata.

Padri alitaka kusema, akajizuia.

MHADHIRI: Kuna kitu kiliwapata. Hilo nalikubali kama mwanahistoria. Paulo anayo orodha aliyoipokea kwa wengine: Kefa, Thenashara, ndugu zaidi ya mia tano kwa pamoja, Yakobo, mitume wote, mwisho yeye mwenyewe. Naweza kusema kwa uhakika kwamba waliamini wamemwona. Kwamba walichokiona kilitoka kwa Mungu, hilo haliko kwenye somo langu; nikilisema darasani nimeanza kuhubiri.

MCHUNGAJI: Mimi nimeruhusiwa kuhubiri.

PADRI: Hubiri, ila utumie maneno gani? Kilichowapata walikisema kwa zaburi. Zaburi ya 110, ya aliyeketishwa mkono wa kuume, ndiyo inayorejewa kuliko nyingine zote katika Agano Jipya. Ule wimbo wa barua kwa Wafilipi, wa kila goti kupigwa, unachukua usemi wa Isaya 45 kuhusu Mungu wa Israeli na kuuweka juu ya Yesu. Mtu asiyelelewa katika sala ile asingejua hata jambo gani zito amelisema.

Hukumu yangu mimi ni kwamba Mchungaji ameshinda hoja moja ambayo wasomi hupenda kuipita kimya: sala mpya haikutokana na sala za zamani kwa hesabu tu. Lakini ushindi huo haumpi alichokuja kukidai. Alitaka moto usio na kuni. Kila anapouonyesha moto, kuni ni Isaya, Yoeli na Zaburi. Hata uamsho wa karibu na kwetu, ule uliosambaa kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulitikisa Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika, na wengi wa walokole wale hawakuondoka makanisani mwao. Waliungama na kulia, kisha Jumapili wakarudi kwenye kitabu cha sala.

Ilibaki Didake. Kijitabu hiki cha mafundisho, ambacho wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, kilikuwa kimepotea mpaka Philotheos Bryennios, askofu wa Kiorthodoksi, alipokipata kwenye maktaba ya Konstantinopoli mwaka 1873. Alikichapisha mwaka 1883. Mhadhiri alikileta mezani, na nadhani alifanya kwa makusudi.

MHADHIRI: Kuhusu ubatizo kinasema utumie maji yanayotiririka.

MCHUNGAJI: Amina!

MHADHIRI: Yakikosekana, maji mengine. Yakikosekana yote mawili, mmiminie kichwani mara tatu.

PADRI: Amina.

MHADHIRI: Msifurahi mapema. Mtume akija apokewe kama Bwana, lakini akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Akiagiza chakula katika Roho kisha akakila mwenyewe, ni nabii wa uongo.

Katekista alicheka mpaka akashika meza. Mchungaji naye alicheka, ila kidogo.

MCHUNGAJI: Wapo wanaostahili kusomewa hilo madhabahuni. Lakini si kinasema pia kitu kwa Baba?

MHADHIRI: Kinasema. Kinatoa sala za kushukuru juu ya kikombe na mkate, zenye mwangwi wa baraka za Kiyahudi za mlo. Halafu kinaongeza kwamba manabii waachwe washukuru kadiri watakavyo.

PADRI: Kwenye Ekaristi.

MHADHIRI: Kwenye Ekaristi, Baba. Bila misale.

PADRI: Haya. Nimelisikia.

KATEKISTA: Kufunga je? Sisi Ijumaa tumeirithi wapi?

MHADHIRI: Imo humo humo. Kinawaambia wasifunge pamoja na wanafiki, wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, bali wafunge Jumatano na Ijumaa.

KATEKISTA: Siku mbili kwa siku mbili. Wamekosana mpaka wanakwepana kalenda, na bado wanafunga mara mbili kwa wiki, kama nyumba waliyotoka.

PADRI: Na sala tatu kwa siku, Mama. Hizo hawakuzigusa, walibadilisha maneno tu, wakaweka Baba Yetu.

MCHUNGAJI: Lakini waliachana. Hekalu likabomolewa mwaka 70, vita vya Bar Kokhba vikaisha mwaka 135, wakaachana.

MHADHIRI: Viongozi waliachana. Watu wa kawaida, sijui kama waliarifiwa. Mwaka 386, Antiokia, mji uleule ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, Yohane Krisostomo, akiwa bado padri, anaanza mfululizo wa mahubiri makali, ambayo baadaye yalitumiwa kuwaumiza Wayahudi. Anawafokea waamini wake mwenyewe. Kosa lao? Wanakwenda sinagogi kwenye sikukuu ya tarumbeta na ya vibanda, wanafunga mfungo wa Wayahudi. Anasimulia Mkristo mmoja aliyekuwa anamlazimisha mwanamke, Mkristo pia, kwenda kuapa sinagogi, kwa sababu watu walimwambia kwamba kiapo cha pale kinaogopwa zaidi.

KATEKISTA: Mwaka gani huo umesema?

MHADHIRI: 386, Mama. Miaka mia tatu na hamsini baada ya Pentekoste.

KATEKISTA: Basi Baba, ukinipa tena mada ya siku Kanisa lilipozaliwa niwafundishe watoto kwa kipindi kimoja, nitakuomba viwili.